Mafunzo ya Hedhi na Mimba: Yampasayo Mume Kuyajua

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akampitisha hali baada ya hali katika tumbo la mamaye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kijana wa pwani huisoma hedhi chuoni angali mdogo, katika Safinatun Najaa, akaihifadhi kwa ulimi kama ahifadhivyo nguzo za sala: uchache wake mchana mmoja na usiku wake, ghalibu yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano. Kisha hukua, akaoa, akapata watoto, na elimu yake ikabaki papo hapo. Ajua siku ambazo sala humuondokea mkewe, wala hajui siku ambazo mkewe huweza kuchukua mimba. Ajua wingi wa nifasi, wala hajui kuwa mwanamke huweza kushika mimba ya pili kabla hajaona damu yoyote baada ya nifasi. Na kwa kutojua huku watu wengi wameingia katika dhuluma wasiikusudie: huyu amemtuhumu mkewe naye hana kosa, huyu amemtwisha mimba juu ya mimba hatta nguvu zikamwisha, na huyu amemwita tasa ilhali hajajitazama mwenyewe.

MLANGO WA KWANZA: Mume aliyerudi safari

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa baharini aliyekuwa safarini miezi mitano, akashuka bandarini mwezi 13 Rajabu, akamkuta mkewe mzima katika tohara yake. Mwezi wa Rajabu ukaisha kwa siku thelathini, na mke asiende mwezini kama ada yake. Mwezi 27 Shaabani akenda hospitali, akapimwa, akaambiwa kuwa ni mja mzito, na mkunga akaandika katika kadi yake: mimba ya wiki nane.

Mume akaichukua ile kadi, akahesabu kwa vidole. Tangu 13 Rajabu mpaka 27 Shaabani ni siku 44, nazo ni wiki sita na siku mbili. Akajiuliza moyoni mwake: wiki nane zimetoka wapi, na yeye wiki nane nyuma alikuwa baharini? Usiku ule asile, asilale, na neno la talaka likawa limefika kwenye ncha ya ulimi.

Na mke yule hana kosa lolote, na mkunga hakukosea, na hesabu ya mume nayo ni sawa. Kilichokosekana ni elimu moja ndogo: ya kuwa waganga na wakunga hawaanzi kuhesabu mimba tangu siku iliposhika, kwani siku hiyo haionekani na mtu, bali huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo mwanamke aliiona kwa macho yake na huweza kuikumbuka. Mwanamke huyu aliona damu mwezi mosi Rajabu, akatahirika mwezi 7, mumewe akarudi mwezi 13, na mimba ikashika mwezi 14 au 15. Tangu mosi Rajabu mpaka 27 Shaabani ni siku 56, nazo ndizo wiki nane za kadi. Wiki mbili za mwanzo katika hizo hapakuwa na mimba kabisa: wiki ya kwanza alikuwa katika hedhi, na ya pili alikuwa katika tohara akimngojea mumewe.

Basi na azingatie mwenye akili. Neno moja la mume yule lingalivunja nyumba na kumtia mtoto aibu kabla hajazaliwa. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 4, amewawekea wenye kuwasingizia wanawake watahirifu adhabu ya fimbo themanini, na kukataliwa ushahidi wao, na kuitwa mafasiki. Na mume, ijapokuwa ana mlango wake wa lian katika aya zinazofuata, hauingii mlango huo kwa hesabu ya vidole.

MLANGO WA PILI: Namna mimba inavyoshika

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja upande wa kuume wa tumbo la uzazi na kimoja upande wa kushoto. Kila mwezi wake, yai moja hupevuka likatoka, nalo ni dogo mno, lipata kuonekana kama chembe ya vumbi. Hupita katika mrija uendao kwenye tumbo la uzazi, na tumbo la uzazi nalo wakati huo huwa limejitandikia tandiko la damu na nyama laini ili kumpokea mgeni. Likikutana na mbegu ya mume ndani ya mrija, hushikana nayo, kisha hushuka likajipachika katika lile tandiko baada ya siku sita mpaka kumi. Lisipokutana na mbegu, hufa, na tandiko likabomoka likatoka: na hiyo ndiyo hedhi.

Kwa hivyo hedhi ni khabari ya mwezi uliopita kuwa haukushika mimba, na tohara iliyo baada yake ndiyo mlango wa mwezi mpya.

Na yapasa kujua mambo matatu, kwani hesabu yote imesimama juu yake.

La kwanza: yai likisha kutoka haliishi illa saa 12 mpaka 24. Lisipopata mbegu katika muda huo, limepita.

La pili: mbegu ya mume haifi upesi kama yai. Ikikuta ute wa uzazi huweza kuishi ndani ya mwanamke hatta siku tano. Kwa hivyo jimai ya Ijumaa huweza kuleta mimba Jumatano, ijapokuwa mume amekwisha safari tangu Jumamosi.

La tatu, nalo ndilo wakoseapo wengi: yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Mwanamke ambaye mwezi wake ni siku 28, hesabu mbili hizi kwake ni sawa. Lakini mwanamke ambaye mwezi wake ni siku 35, yai lake hutoka kwenye siku ya 21. Na ambaye mwezi wake ni siku 21, yai lake hutoka kwenye siku ya 7, pengine ndiyo siku ile ile aliyooga.

Hapo zamani hatta waganga wakubwa wa Ulaya hawakuyajua haya. Yai la wanyama wenye kunyonyesha halikuonekana mpaka mwaka 1827, alipoliona Karl Ernst von Baer. Na katika karne ile waganga wengi walifundisha kuwa mwanamke hushika mimba karibu na hedhi, na kuwa katikati ya mwezi ndipo penye salama. Wakawa wawatuma watu kwenye khatari wakidhani wawaepusha nayo. Mpaka miaka ya 1920, Kyusaku Ogino katika nchi ya Japani na Hermann Knaus katika nchi ya Austria, kila mmoja kwa uchunguzi wake, wakaonyesha kuwa yai hutoka kabla ya hedhi ijayo kwa kiasi cha siku zinazojulikana. Kisha mwaka 1995 wanazuoni wa Marekani, mmoja wao ni Allen Wilcox, wakatoa khabari ya wanawake 221 waliochunguzwa siku kwa siku, na ikadhihiri kuwa mimba zote zilitokana na jimai ya siku sita tu: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku lenyewe lilipotoka.

Siku sita katika mwezi mzima! Mwenye kusikia hivi huenda akafurahi, akasema: basi jambo ni jepesi, mtu ajihadhari siku sita na zilizobaki ni zake. Laiti ingalikuwa hivyo. Shida ni kuwa siku sita hizo hazina kengele ya kuzitangaza, na hazikai mahali pamoja kila mwezi. Safari, maradhi, huzuni, saumu nzito na kunyonyesha huweza kuisogeza siku ya yai mbele au nyuma.

MLANGO WA TATU: Kuzijua siku za khatari kwa asiyetaka mimba, nazo ni siku za tamaa kwa aitakaye

Njia ya kwanza ni hesabu. Mwanamke huandika siku ya kwanza ya kila hedhi kwa muda wa miezi sita kwa uchache. Kisha hutazamwa mwezi wake mfupi kuliko yote na mwezi wake mrefu kuliko yote. Katika idadi ya mfupi hutolewa 18, ikawa ndiyo siku ya kwanza ya khatari. Na katika idadi ya mrefu hutolewa 11, ikawa ndiyo siku ya mwisho. Mithali yake: mwanamke mwezi wake mfupi ni siku 26, na mrefu ni siku 31. Toa 18 katika 26, zabaki 8. Toa 11 katika 31, zabaki 20. Basi tangu siku ya 8 mpaka ya 20, kwa kuhesabu tangu siku ya kwanza ya damu, huweza kushika mimba.

Na kwa mwanamke ambaye miezi yake yote haipungui siku 26 wala haizidi 32, wanazuoni wa zama hizi wamerahisisha wakasema: ajihadhari tangu siku ya 8 mpaka ya 19. Na hao waifuatao hesabu hii barabara, katika wanawake mia kwa mwaka mmoja, watano hushika mimba; na wakiifuata kama watu wafuatavyo mambo, leo wakumbuka na kesho wasahau, hushika mimba kama kumi na wawili. Kwa hivyo hesabu ni kinga yenye matundu.

Njia ya pili ni dalili za mwili. Ukikaribia wakati wa yai, mwanamke huona ute mweupe, mwepesi, utelezao na kuvutika kama ute wa yai la kuku usiopikwa. Na yai likisha kutoka, ute huo huwa mzito au hukauka. Na joto la mwili likipimwa kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, huonekana limepanda kidogo baada ya yai kutoka, na hukaa juu mpaka hedhi ije. Lakini joto hutoa khabari ya jambo lililokwisha pita; ute ndio utangulizao khabari. Na wanawake wa Kiislamu hawakosi uzoefu wa kutazama namna hii, kwani Bibi Aisha (Mungu amuwie radhi) alikuwa akiwaamrisha wanawake wasifanye haraka ya kuoga mpaka waone weupe, dalili ya kwisha hedhi. Basi macho yaliyozoea kutazama mwisho wa hedhi hayashindwi kutazama dalili ya pili.

Tanbihi. Watu husema kuwa jimai ndani ya hedhi haileti mimba. Neno hili lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la dini, nalo ni kubwa: Mwenyezi Mungu amelikataza katika Suratul Baqara, aya ya 222, akaiita hedhi kuwa ni udhia, akaamrisha kujitenga na wanawake mpaka watahirike. Kosa la pili ni la tabibu: mwenye mwezi mfupi akiingiliwa siku ya 5 au ya 6, mbegu hukaa ikingojea, na yai likitoka siku ya 8 huikuta. Na katika utafiti wa wanazuoni wale wale wa Marekani ulioenezwa mwaka 2000, ilionekana kuwa katika wanawake mia ni kama thelathini tu ambao siku zao sita zote huangukia baina ya siku ya 10 na ya 17. Waliobaki wote, siku zao hutangulia au huchelewa.

MLANGO WA NNE: Mama anyonyeshaye

Hapa pwani liko neno la kubemenda, yaani mtoto kudhurika kwa sababu wazazi wake wamekutana naye angali kifuani. Na khofu hii si ngeni. Waarabu walikuwa nayo, wakaiita ghila. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kutoka kwa Judama binti Wahbi kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) alikusudia kuikataza, kisha akatazama Warumi na Wafursi, akaona kuwa wao hulifanya jambo hilo wala haliwadhuru watoto wao, akaacha kulikataza. Na mwenendo huu wa Bwana Mtume una fundisho kubwa: jambo la mwili hutazamwa kwa yanayoonekana katika watu, si kwa khofu zinazorithiwa.

Basi jimai yenyewe haimdhuru mtoto anyonyaye. Lenye kudhuru ni mimba ijayo upesi, ikamkuta mama hajarudisha damu yake, na mtoto wa kwanza angali ahitaji kifua. Na huenda wazee walioliona dhara wakaliita kubemenda hawakukosea kuwa dhara lipo. Walilikosa jina lake.

Na mume husema: mke wangu ananyonyesha, hajaona mwezi, basi hashiki mimba. Neno hili ni kweli kwa masharti matatu yakikutana pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe anyonya kifua peke yake, mchana na usiku, pasi na uji wala maji wala maziwa ya kopo, na mama awe hajaona hedhi tangu kutoka katika nifasi. Yakitimia yote matatu, katika wanawake mia hawafiki wawili watakaoshika mimba katika miezi sita hiyo. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika. Na sababu yake imekwisha tajwa: yai hutangulia na hedhi hufuata. Mwanamke huweza kutoa yai la kwanza baada ya kuzaa, likashika mimba, asione damu yoyote. Akadhani bado yu katika kunyonyesha, kumbe ni mja mzito wa miezi mitatu.

Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, amewataja mama wanaonyonyesha watoto wao miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Na mwaka 2005 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikusanya wanazuoni wa tiba, wakashauri kuwa baada ya kuzaa mtoto hai, ingojewe si chini ya miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa ajili ya afya ya mama na ya watoto. Miezi 24 ndiyo miaka miwili.

Mas'ala: Je, yafaa kwa mume na mke kuzuia mimba ili kumpumzisha mama? Jawabu: Jabir (Mungu amuwie radhi) amepokea kuwa sahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na Qurani ikiteremka, na khabari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, amelieleza jambo hili katika Ihyaa, akalihalalisha, akalifananisha na mtu aachaye kuoa au aachaye jimai baada ya kuoa: ameacha lililo bora, hakutenda la haramu. Na kujizuia katika siku za khatari ni jepesi kuliko azli, kwani ndani yake hakuna illa kuacha kwa muda. Na maulamaa wengi wameshurutisha ridhaa ya mke katika azli, kwa kuwa naye ana haki katika mtoto na katika ladha. Basi mume asihesabu siku peke yake, bali washauriane.

Wala azli isidhaniwe kuwa ni ngome. Katika Sahihi ya Muslim mna khabari ya mtu aliyemuuliza Mtume juu ya kijakazi wake, akaambiwa afanye azli akitaka, lakini lililokadiriwa litamjia; baada ya siku akarudi na khabari kuwa kijakazi ameshika mimba. Na waganga wa leo husema kuwa katika wanawake mia ambao waume zao hutegemea azli, kama ishirini hushika mimba katika mwaka. Aliye na dharura ya kweli, kama mke ambaye daktari ameonya kuwa mimba nyingine itamhatirisha, asitegemee azli wala hesabu ya siku. Aende na mkewe kwa tabibu mwaminifu wapate kinga iliyo madhubuti.

MLANGO WA TANO: Hesabu ya kuzaa, talaka na eda

Mimba ya kawaida ni siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, au siku 266 tangu kushika. Na ajabu ni kuwa miezi tisa ya mwandamo ni kama siku 266. Kwa hivyo wazee wa pwani waliohesabu miezi tisa kwa mwezi wa mbinguni walihesabu sawasawa. Atakaye kujua siku ya kutazamia, na ahesabu miezi tisa ya mwandamo tangu siku ya kwanza ya damu, kisha aongeze siku 14. Yule mke aliyeona damu mosi Rajabu atatazamia kuzaa kwenye tarehe 15 ya mfungo saba. Lakini katika watoto ishirini ni kama mmoja tu azaliwaye siku ile ile iliyotazamiwa. Wengi hutangulia wiki mbili au huchelewa wiki mbili, na wako wanaotangulia kwa miezi wakaishi. Na katika Suratur Raad, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amejulisha kuwa Yeye ndiye ajuaye kinachobebwa na kila mke, na yanayopunguka katika matumbo na yanayozidi.

Na sheria imeweka uchache wa mimba kuwa ni miezi sita. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kuwa aliletwa mbele ya Sayyidna Uthman mwanamke aliyezaa kwa miezi sita, akatuhumiwa, na Sayyidna Ali akamtetea kwa Qurani: kuwa katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, mimba na kunyonyesha vimetajwa kuwa ni miezi thelathini, na kunyonyesha peke yake kumetajwa kuwa ni miaka miwili, ikitolewa miwili katika thelathini yabaki miezi sita. Basi aliyezaliwa baada ya miezi sita ya ndoa ni mtoto wa kitanda hicho, na mwenye kusema na aseme kwa kuogopa Mungu.

Ama talaka, Ibn Umar alimwacha mkewe katika hedhi, na Mtume akaamrisha amrejee, amkae mpaka atahirike, kisha ahidhi, kisha atahirike, ndipo akitaka amweke au amwache kabla hajamgusa. Na hekima yake ni wazi kwa aliyesoma mlango wa pili: anayeacha katika tohara aliyoingilia ndani yake hajui kama ameacha mke mmoja au ameacha mke na mtoto tumboni, na wangapi wameacha kwa hasira, kisha khabari ya mimba ikawajia na majuto.

Na mwenye kutalikiwa, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, eda yake ni tohara tatu; na ikiwa ni mja mzito, eda yake ni mpaka azae. Na hapa pana khatari ya kukosea, kwani wanawake wengi, kiasi cha mmoja katika wanne au watano, huona damu kidogo katika miezi ya kwanza ya mimba, wakaidhania hedhi. Mwanamke aliyeona damu isiyo ya ada yake, chache au nyepesi au isiyo wakati wake, asiharakishe kuihesabu katika eda. Leo kiko kipimo cha mkojo kiuzwacho kwa thamani ndogo, chenye kutoa khabari ya kutegemewa tangu siku ile hedhi ilipokosa kuja. Na akipima mapema akakuta hapana, apime tena baada ya wiki.

Tanbihi kubwa. Mwanamke aliyechelewa hedhi, kisha akaona damu, na akashikwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu na kuzimia, huenda mimba imeshika nje ya tumbo la uzazi, ndani ya mrija. Hiyo haikai ikawa mtoto, bali hupasua mrija na kumwaga damu ndani ya mwili, na mwanamke huweza kufa. Asingojewe mumewe kurudi safari, wala asitafutiwe kombe wala dawa ya kienyeji kwanza. Achukuliwe hospitali saa ile ile. Na mume aliye mbali na atoe ruhusa yake kabla ya kuondoka, asije akaombwa ruhusa na mke amekwisha kufa.

Na aliyechelewa kupata mtoto asifanye haraka ya kumlaumu mkewe. Mume na mke wazima, kwa kila mwezi, bahati yao ya kushika mimba ni kama moja katika nne. Na katika mia, kiasi cha themanini na zaidi hufanikiwa katika mwaka. Ukipita mwaka, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35, waende wote wawili kwa daktari. Kwani katika nyumba zilizokosa watoto, kiasi cha nusu huwa upande wa mume nao una sehemu yake.

KHATIMA

Basi yaliyotangulia yote yakusanyika katika mambo manne. Ajue mume siku ya kwanza ya hedhi ya mkewe kama ajuavyo siku ya mwandamo, kwani ndiyo asili ya hesabu zote. Ajue kuwa siku za mimba ni chache lakini hazina mahali maalumu, basi asijidanganye kwa hesabu yenye matundu. Mama anyonyeshaye apewe miaka yake miwili. Na kadi ya hospitali isigeuzwe kuwa shahidi wa uzinzi.

Yule mtu wa baharini, lau angalimuuliza mkewe swali moja kwa upole, siku gani uliona damu ya mwisho, angalilala usiku ule. Na kuuliza si aibu: wanawake wa Ansari walimuuliza Mtume mambo ya mwili wao bila ya kuona haya, wakasifiwa kwa hilo. Ikiwa wao waliuliza mbele ya Mtume, mume wa leo ataona haya gani kumuuliza mkewe chumbani mwake?

Mwenyezi Mungu awape wasomaji elimu yenye nafuu, na nyumba zenye utulivu, na watoto wema. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Imekwisha.